Hukumu ya ng'ambo na karatasi isiyosomeka

Jirani yangu mmoja wa Likoni, mzee aliyetumia zaidi ya nusu ya umri wake katika kazi ya uchukuzi, alinijia jioni moja na bahasha ya kaki mkononi. "Mwalimu," akaniambia baada ya salamu, "hebu nisomee karatasi hii. Wajukuu wamenisomea, lakini kila mmoja ana lake." Nikaisoma. Ilikuwa taarifa ya mahakama, kurasa nne za Kiingereza kizito, ikimwarifu kwamba hukumu ya fedha iliyotolewa dhidi yake na mahakama moja ya Uganda ilikuwa imesajiliwa hapa Kenya, na kwamba asipochukua hatua katika muda uliotajwa, hukumu hiyo ingetekelezwa. Mjukuu wa kwanza alikuwa amemwambia kwamba kesi imeandikishwa, basi angoje kuitwa. Wa pili alimwambia kwamba ameruhusiwa kuomba hukumu hiyo "iwekwe kando", naye mzee akaelewa kuwa mahakama itamhifadhia karatasi zake mahali pema mpaka atakapokuwa tayari kuzijibu. Siku alizopewa zilikuwa zimebakia tano.

Sikusudii kumtetea mtu yeyote asilipe deni lake. Dawa ya deni ni kulipa, na dawa hiyo haibadiliki kwa sababu mdai yuko Kampala na mdaiwa yuko Likoni. Ninalokusudia ni kuuliza kwa nini sheria yenye uwezo wa kuuza lori, kiwanja au nyumba ya mtu izungumze naye kwa lugha asiyoielewa, ilhali Katiba ya mwaka 2010 inatamka, katika kifungu chake cha 7, kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa na vilevile ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Swali hili lauhusu upande wa bara wa Mombasa, yaani Likoni, Kisauni na Changamwe, kuliko sehemu nyingi nyingine za nchi hii, na sababu zake zitajidhihirisha mbele.

Hebu kwanza tuitazame sheria yenyewe, maana walimu wenzangu niliozungumza nao hawakupata hata kuisikia. Mahakama ya nchi moja haina amri katika nchi nyingine. Jaji wa Kampala, hata hukumu yake iwe ya haki kiasi gani, hawezi kumtuma dalali aje kukamata mali Changamwe. Ili hukumu yake ipate nguvu hapa, sharti mahakama ya hapa iipokee na kuifanya kuwa yake. Njia ya kufanya hivyo imewekwa na sheria ya mwaka 1984, Sura ya 43 ya Sheria za Kenya, ambayo inahusu kutekelezwa kwa hukumu za kigeni kwa misingi ya nchi kutendeana. Aliyeshinda kesi huko nje huiomba Mahakama Kuu iisajili hukumu yake, naye amepewa miaka 6 tangu hukumu kutolewa. Ikisha kusajiliwa, hukumu hiyo huwa na nguvu ile ile ambayo ingalikuwa nayo kama ingalitolewa na Mahakama Kuu yenyewe. Mali yaweza kukamatwa, fedha zilizo benki kuzuiwa, kiwanja kupigwa mnada.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba mahakama ya hapa haiisikilizi kesi upya. Haiulizi ni nani aliyevunja mkataba, wala mzigo uliharibikia njiani au ghalani. Hayo yamekwisha kuamuliwa huko yalikoamuliwa. Mlango uliobaki kwa mdaiwa ni mwembamba: anaweza kuomba usajili ubatilishwe kwa kuonyesha kwamba mahakama ile ya nje haikuwa na mamlaka juu yake, au kwamba hakuarifiwa juu ya kesi mapema vya kutosha ili ajitetee, au kwamba hukumu ilipatikana kwa udanganyifu, au imekwisha kulipwa, au imetenguliwa katika rufani, au kuitekeleza kutakuwa kinyume cha misingi ya haki inayofuatwa na taifa hili. Mlango huo, ingawa mwembamba, ni wa haki. Lakini una saa ya kufungwa, na saa hiyo imeandikwa ndani ya ile karatasi ya Kiingereza.

Si kila hukumu hupitia hapo. Kodi na faini za nchi nyingine hazimo, wala talaka, wala mirathi, wala matunzo ya mke na watoto, ambayo yana njia yake nyingine. Sheria hii yahusu hasa deni na fidia, yaani mambo ya biashara na kazi. Nayo si kwa kila nchi. Orodha ina mataifa manane tu: Australia, Malawi, Rwanda, Shelisheli, Tanzania, Uganda, Uingereza na Zambia. Nitairudia orodha hiyo.

Sasa, msomaji mwalimu, na wewe mwanafunzi unayejiandaa kwa mtihani, nawaomba tusimame kidogo juu ya neno moja: kusajili. Katika shule, sajili au rejista ni daftari la mahudhurio. Jina la mtoto likiandikwa humo, la ajabu halitokei, ni kwamba yupo darasani. Mitaani, mtu husajili laini yake ya simu, husajili chama cha akina mama cha kuweka akiba, husajili pikipiki. Kotekote neno hili lina harufu ya karani na wino, na halitishi. Katika Sura ya 43, kinyume chake, kusajili ndiko kuipa hukumu meno. Kabla ya siku ile ilikuwa karatasi ya nchi nyingine. Baada ya siku ile ni amri ya Jamhuri ya Kenya. Isitoshe, mara nyingi mdaiwa hupata habari baada ya jambo kutendeka, kwa kuwa ombi la kusajili husikilizwa kwa upande mmoja, kisha ndipo yeye hupelekewa taarifa. Mzee aliyeambiwa kwamba "imesajiliwa" akarudi kulala usingizi wake hakuwa mjinga. Alikielewa Kiswahili sawasawa. Aliyekosea ni yule aliyemtafsiria neno bila kumtafsiria tendo.

Na hapa pana kinaya ambacho mwanaisimu hawezi kukipita bila kukinyoshea kidole. Katika karatasi ya pili ya mtihani wa Kiswahili wa kidato cha nne, sehemu ya isimu jamii, watahiniwa wetu huulizwa juu ya "sajili ya mahakamani". Huko neno sajili lina maana ya tatu kabisa: mtindo wa lugha unaotumika katika muktadha fulani. Wanafunzi hukariri, nami nimewasikia wakikariri hadi barabarani, kwamba sajili hiyo hutumia msamiati maalumu, lugha ya heshima na taadhima, maneno ya kukopa, urejeleaji wa vifungu vya sheria. Wanapata alama zao. Lakini mwanafunzi huyo huyo akikabidhiwa wito wa mahakama uliopelekwa kwa babake, hana analoweza kufanya nao, kwa sababu sajili aliyoisoma darasani haimo katika karatasi. Karatasi ni ya Kiingereza. Tumewafundisha watoto sifa za lugha ambayo mahakama zetu kubwa hazijakubali kuiandika.

Hili halikutokea kwa bahati mbaya. Sheria ya mwenendo wa kesi za madai, Sura ya 21, inasema waziwazi katika kifungu cha 86 kwamba lugha ya Mahakama Kuu na ya Mahakama ya Rufaa ni Kiingereza, na kwamba mahakama za chini zaweza kutumia Kiingereza au Kiswahili. Usajili wa hukumu za nje hufanywa na Mahakama Kuu. Kwa hiyo Kiswahili kimefungiwa nje ya mlango huu kwa mujibu wa sheria, hata pale ambapo jaji, mawakili wote wawili, mdai, mdaiwa na karani aliyeketi chini ya jaji wote wanakizungumza.

Wapo watakaonikumbusha kwamba ukalimani upo mahakamani, na kwamba karani humtafsiria asiyejua Kiingereza. Ni kweli, nao makarani hao hufanya kazi ngumu kwa malipo yasiyolingana nayo. Lakini katika fani yetu twatofautisha ukalimani na tafsiri: ukalimani ni wa mdomo, tafsiri ni ya maandishi. Mahakama zetu zimempa mwananchi ukalimani akisha kufika mbele ya jaji. Hazijampa tafsiri ya ile karatasi inayomweleza kwamba yampasa afike. Katika usajili wa hukumu za nje, ambako kitu cha kwanza mdaiwa anachokipata ni karatasi, na ambako asiyejibu hapotezi siku moja ya kusikilizwa bali kesi nzima, upungufu huo ni wa hatari.

Tutazame upande wa Likoni sasa. Ukishuka feri na kufuata barabara ya kusini, wapita Ukunda na Msambweni hata Lunga Lunga, kisha mpaka, kisha Horohoro, kisha Tanga. Mpaka huo ulichorwa na Waingereza na Wajerumani katika karne ya 19, nao ulipita katikati ya Wadigo, Wavumba na Wasegeju, ambao hata leo huoana, huzikana na kukopeshana ng'ambo hii na ile. Mfanyabiashara wa Likoni hununua nazi, machungwa au mbao Tanga. Wa Tanga huleta mzigo wake sokoni Mombasa. Wakikosana, kesi yaweza kufunguliwa huko, na hukumu ikaletwa huku. Tanzania imo katika ile orodha ya mataifa manane.

Na Tanzania imefanya jambo ambalo sisi tumekuwa tukilizungumza tu katika makongamano. Mwaka 2021 Bunge lake lilibadilisha sheria ya tafsiri ya sheria, likafanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, huku Kiingereza kikiruhusiwa kwa masharti. Mahakama za Mwanzo za huko zilikuwa zimekwisha kukitumia kwa miongo mingi. Jambo jipya ni kwamba sasa Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani nazo zimefunguliwa mlango wa kuandika hukumu kwa Kiswahili.

Hebu tafakari maana yake. Jaji wa Tanga anaandika hukumu kwa Kiswahili fasaha, akimwamuru mkazi wa Likoni alipe deni. Hukumu hiyo yavuka Lunga Lunga, yapita nyumba kwa nyumba za watu wanaoisema lugha ile ile, na kufika Mombasa, mji ambao lahaja yake ya Kimvita ilishindana na ya Unguja katika miaka ya 1920 ipi iwe msingi wa Kiswahili sanifu. Ikifika hapo, kabla ya kupokewa, sharti itafsiriwe kwa Kiingereza. Kisha mdaiwa apelekewe taarifa kwa Kiingereza. Kisha mdaiwa atafute mtu wa kumrejeshea Kiingereza hicho katika Kiswahili. Maneno ya jaji yametoka Kiswahili, yakapita Kiingereza, yakarudi Kiswahili, na kila daraja lina ada yake. Sijui lugha nyingine duniani ambayo hulazimika kwenda kuomba pasipoti ya lugha ya kigeni ili iingie nyumbani kwake.

Kuna na hasara nyingine isiyo ya fedha. Kila mwenye kutafsiri ajua kwamba istilahi mbili za lugha mbili hazilingani kwa usawa kamili. Chukua neno hukumu lenyewe. Kwa mtu wa kawaida wa Kisauni, "amehukumiwa" maana yake ni kwamba amefungwa jela au ametozwa faini. Hukumu kwake ni adhabu. Mwambie kwamba ana "hukumu ya fedha" naye atauliza amekosa nini. Katika sheria za madai, hukumu ni uamuzi wa nani anamdai nani, na mtu hujikuta ana hukumu juu yake bila kuwa mhalifu hata kidogo. Au chukua lile la "kuweka kando", lililompotosha mjukuu wa jirani yangu. Maneno ya Kiingereza aliyoyaona kwenye karatasi, yakifuatwa neno kwa neno, kweli yanaleta kuweka kando. Maana yake kisheria ni kutengua au kubatilisha. Kijana yule alifuata neno kama alivyozoezwa darasani, na babu yake nusura apoteze lori.

Hata sisi na Watanzania hatujaafikiana. Wao husema Mahakama ya Rufani, sisi twasema ya Rufaa. Wao wana Baraza la Kiswahili la Taifa tangu mwaka 1967, nasi istilahi zetu nyingi za sheria zimetokana na wanahabari waliozibuni usiku gazeti likingojwa mtamboni. Siwalaumu, wangefanya nini? Wamefanya kazi ambayo vyuo vyetu vikuu vingepasa kuifanya, na mimi mwenyewe nikiwamo katika lawama hiyo.

Changamwe ina mkasa wake. Huko ndiko mizigo ya bandari ya Kilindini hupangwa kabla ya kuanza safari ya bara: yadi za makontena, maghala, mawakala wa forodha, gereji, na malori yaliyojipanga hadi macho yachoke. Mizigo hiyo huenda Uganda, Rwanda, Sudan Kusini, Burundi na mashariki ya Kongo. Uganda na Rwanda zimo katika orodha ya Sura ya 43. Burundi, iliyoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki pamoja na Rwanda mwaka 2007, haimo. Sudan Kusini, iliyoingia 2016, haimo. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliyoingia 2022, haimo. Twafanya biashara nao kila siku, twaketi nao katika vikao vya Arusha, lakini hukumu za mahakama zao hazisajiliki hapa kwa njia hii.

Asidhani mtu kwamba hukumu ya nchi isiyo katika orodha imekufa. Mwaka 2016 Mahakama yetu ya Rufaa ilikubali kwamba hukumu ya namna hiyo yaweza kuwa msingi wa madai mapya hapa Kenya. Lakini madai mapya ni kesi mpya, na kesi mpya ni wakili, ada, tarehe, na tarehe nyingine. Mwenye duka wa Bukavu aliyemlipa mwenye lori wa Changamwe fedha za mzigo usiofika atapiga hesabu na huenda akaamua kusamehe. Nikiongeza la lugha, watu hawa wawili waliafikiana kwa Kiswahili, kwa maana Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa za Kongo. Hukumu ya Bukavu itaandikwa kwa Kifaransa. Nayo ikija hapa itageuzwa Kiingereza. Lugha ambayo wahusika walipeana ahadi ndiyo peke yake isiyoonekana popote katika jalada.

Kisauni nako huchungulia upande wa bahari. Vijana wengi wa kike na wa kiume wa sehemu hizo wamekwenda Saudia, Falme za Kiarabu, Qatar na Omani kutafuta kazi za nyumbani, za ulinzi na za udereva. Hakuna hata nchi moja ya Ghuba katika ile orodha. Kijana aliyeshinda huko kesi ya mshahara dhidi ya wakala aliye na mali hapa hawezi kuileta hukumu yake na kuisajili. Kwa upande wa pili, aliyekopa huko akakimbia deni hawezi kufuatwa kwa njia ya mkato, ingawa anaweza kufuatwa kwa ile ndefu. Nimewasikia baadhi ya watu wakilifurahia hilo la pili. Wangalifikiria la kwanza, furaha yao ingalipungua.

Uingereza imo katika orodha, na hapo pana tofauti ambayo wazazi wenye watoto huko wafaa waijue. Hukumu ya Uingereza ina miaka 6 ya kuletwa Kenya. Hukumu ya Kenya ikipelekwa Uingereza hufuata sheria yao ya mwaka 1920, ambayo inampa mwenye hukumu miezi 12 tu, isipokuwa mahakama ya huko imwongezee muda kwa hiari yake. Sheria yetu yasema msingi wake ni kutendeana. Kutendeana huku kuna kimo viwili. Aidha, tusisahau kwamba mahakama zetu hazipokei kila kitokacho huko kwa magoti. Mwaka 2023, katika shauri la wafanyakazi wa mashamba ya chai ya Kericho waliokuwa wameishtaki kampuni yao katika mahakama ya Uskoti, Mahakama ya Juu ya Kenya ilishikilia kwamba amri ya mahakama ya kigeni haijitekelezi yenyewe katika ardhi hii. Sharti ipitie katika taratibu zetu. Nami naafiki. Ila taratibu zetu zikiwa ndizo kinga yetu, basi yafaa kinga hiyo isomeke na anayekingwa.

Mawakili wawili niliowadokezea hoja hii walinipinga kwa ukarimu. Mmoja alisema Kiswahili hakina istilahi za kutosha, na kwamba neno moja lisilo sahihi laweza kuleta rufani. Nilimjibu kwamba majaji wa nchi jirani wanaandika hukumu kwa lugha hiyo hiyo, na jua halijaacha kuchomoza Dodoma. Istilahi huzaliwa kwa kutumiwa. Hakuna lugha iliyokaa ikangoja kamusi ikamilike ndipo ianze kusema. Wa pili alikuwa na hoja nzito zaidi, nayo nimeifikiria sana. Alisema kwamba kukiwa na taarifa ya Kiingereza na nyingine ya Kiswahili, mdaiwa mjanja atasema zinatofautiana, na mdai mwenye haki yake, pengine mama mjane wa Tanga aliyengoja miaka, atacheleweshwa tena. Hatari hiyo ipo. Lakini sheria yaweza kusema, kwa sentensi moja, ni nakala ipi itakayofuatwa maandishi yakitofautiana, kama mikataba ya mataifa inavyofanya tangu zamani. Na mdaiwa mjanja siku zote atapata la kusema. Mdaiwa asiyejua ndiye asiyekuwa na la kusema.

Ninaloliomba, kwa hivyo, si mapinduzi. Ukurasa wa kwanza wa kila taarifa ya usajili wa hukumu ya nje, utokao katika masjala ya Mahakama Kuu, uwe na maelezo ya Kiswahili yanayotaja mambo matatu kwa maneno ya wazi: ni kiasi gani mtu anadaiwa na kwa hukumu ya wapi, ana siku ngapi, na aende wapi akitaka kupinga. Hilo halihitaji kubadilisha Katiba. Katiba imekwisha kubadilishwa. Kifungu cha 86 nacho kirekebishwe ili hukumu iliyoandikwa kwa Kiswahili Tanga au Unguja isihitaji kuvalishwa Kiingereza ili isomwe na jaji wa Mombasa aliyesoma Kiswahili tangu shule ya msingi. Kuhusu orodha, sheria inairuhusu serikali kuiongeza, na washirika wetu wa Jumuiya wamengoja vya kutosha.

Sehemu yetu sisi walimu ni ndogo lakini haimngojei mtu. Katika somo la isimu jamii, badala ya kumwambia mwanafunzi aorodheshe sifa tano za sajili ya mahakamani, tumpe wito halisi ulioondolewa majina, wa Kiingereza, tumwambie amwandikie nyanya yake barua ya nusu ukurasa kueleza unasema nini na unamtaka afanye nini. Nimelijaribu hili kwa wanafunzi wangu wa mwaka wa pili. Zaidi ya nusu ya darasa hawakutaja siku ya mwisho ya kujibu. Walitafsiri kila kitu kwa uangalifu, na hiyo wakaiacha, kwa sababu ilikuwa imefichwa katikati ya sentensi yenye mistari sita. Tulilirudia zoezi hilo mara tatu. Mara ya tatu, msichana mmoja aliianza barua yake kwa siku hiyo: "Nyanya, una siku kumi na nne, na leo ni ya tatu." Nikampa alama zote.

Ama jirani yangu, tulivuka naye kwa feri ya alfajiri siku ya nne, tukampata wakili, na ombi likaingia muda ukiwa haujafungwa. Ilidhihirika kwamba karatasi za kesi ya Uganda zilikuwa zimepelekwa katika yadi ya Changamwe aliyokuwa amekwisha kuihama. Lakini ilidhihirika pia kwamba deni lilikuwapo. Kiasi ndicho kilichokuwa na ubishi. Kabla ya ombi kusikilizwa mawakili wa pande mbili walipatana, naye analipa kidogo kidogo kila mwezi, na lori bado lafanya kazi. Mapatano hayo yameandikwa kwa Kiingereza, yakapigwa muhuri. Aliniomba nimwandikie nakala ya Kiswahili, nikamwandikia kwa mkono, kurasa mbili. Haina muhuri wala nguvu yoyote kisheria. Ameikunja na kuiweka ndani ya msahafu wake, na kila mwisho wa mwezi, kabla ya kwenda kutuma fedha, huitoa akaisoma.